Mifuko Laini ya Mama Funguo

Ile plastiki uliyohifadhia kitu unachokipenda, unajua ni plastiki gani?

Hujui. Usijitetee. Mimi nina shahada ya kemia na ninafundisha kemia, na mpaka mwaka huu vyeti vyangu vilikuwa ndani ya mfuko laini unaonuka kama koti jipya la mvua. Sikuwahi kujiuliza harufu ile inatoka wapi. Tunamaliza vyuo tukijua dunia nzima inavyopaswa kwenda, halafu hatujui kilichomo kabatini kwetu. Aliyenifundisha kuangalia kabatini ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mtu aliyeacha shule kabla hajaiona maabara. Ninaandika habari zake kwa sababu watu wa aina yake huondoka kazini kwa soda moja na hotuba fupi, na kesho yake hakuna anayekumbuka walikuwa wanakaa upande gani wa meza.

Mji mzima unamwita Mama Funguo. Ni mtunza stoo wa makumbusho ya mji, jengo dogo lililojibanza nyuma ya maktaba. Funguo zake kumi na nne huzivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na akitembea zinagongana, hata baba alikuwa akisema dada yake hawezi kupotea sokoni, maana analia kama mbuzi mwenye kengele. Alianza pale kama mfagiaji. Mtunza stoo wa wakati huo, mzee aliyekuwa akipoteza macho, akawa anamwomba amsomee lebo za vitu. Baada ya miaka sita mzee akastaafu, ikagundulika kwamba mtu pekee anayejua kitu gani kiko droo gani ni mfagiaji. Wakampa funguo. Hawakumwondolea ufagio.

Stoo yenyewe ni chumba kirefu chini ya paa la bati. Dirisha ni moja, nalo limezibwa kwa kadibodi ili jua lisichome vitu. Kuna makabati matatu ya chuma, meza iliyotandikwa blanketi kuukuu ili kitu kikianguka kisiumie, na feni ambayo haianzi kuzunguka mpaka isukumwe kwa rula. Mchana joto la pale ndani linakukalia mabegani kama mtoto aliyegoma kutembea. Shangazi ameishi humo miaka thelathini na moja. Magoti yamekwisha. Akitaka kuinuka kwenye kigoda huweka mikono miwili mezani, anapumua, anasubiri, kisha anainuka, na ukimsaidia anakasirika.

Ana tabia moja ambayo wageni huidhania ucha Mungu. Kabla ya kufungua droo yoyote huigonga mara mbili na kusema, "Hodi." Nilipokuwa mdogo nilimwuliza anambishia hodi nani.

"Mende," aliniambia. "Nawapa nafasi ya kuvaa."

Kipenzi chake ndani ya chumba kile ni sarafu. Ziko mia sita na kumi na mbili, na karibu zote zilitolewa na watu wa mji wenyewe, moja moja, kila moja na habari zake. Kuna ya fedha iliyookotwa msingi wa shule ulipochimbwa. Kuna ya nikeli iliyomezwa na mtoto, ikatoka, na huyo mtoto sasa ni dereva wa lori. Na kuna moja ya shaba, nyembamba, yenye tundu katikati, iliyotolewa na Fundi Cherehani, mzee mwenye duka mkabala na maktaba. Mama yake Fundi alikuwa mshonaji pia. Alikuwa akiining'iniza sarafu ile kwenye uzi na kuishikiza juu ya pindo la gauni, aone kama limenyooka. Maisha yake yote alipimia nguo za watu kwa sarafu ile. Alipofariki, Fundi aliogopa kwamba nyumbani itapotea, akaileta kwa Mama Funguo. Na kila baada ya miezi miwili mitatu huvuka barabara, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaomba kuiona. Huitazama, anashukuru, anarudi kazini. Hakai hata dakika tano.

Nimesema hayo ili uelewe shangazi alikuwa na nini mkononi siku aliponipigia simu. Ilikuwa Jumatatu, wiki tatu kabla ya kustaafu.

"Msomi," alisema, "vipindi vikiisha uje. Uje na pua."

Nilimkuta amekaa, faili kubwa mbele yake, miwani amepandisha juu ya paji la uso.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo mapinduzi umemwachia nani?"

Ananitania hivyo tangu nilipoandika barua tatu kwa mwalimu mkuu kuhusu kemikali zilizopitwa na muda, nikapewa zamu ya getini muhula mzima. Nilikaa. Akanisogezea faili. Ndani yake kulikuwa na kurasa za plastiki angavu, kila ukurasa na vifuko ishirini, kila kifuko na sarafu moja. Mpangilio mzuri kabisa. Unaona pande zote mbili za sarafu bila kuigusa.

"Nusa."

Nikainama. Koti la mvua. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, chachu, kama ya kitambaa kilichokauka kivulini.

"Sasa tazama."

Ukijani wa shaba nzee naujua. Ni mkavu, unashika kama ukurutu. Huu haukuwa huo. Ulikuwa umelowa, unang'aa, unanata, kama njia aliyopita konokono. Ulikuwa juu ya sarafu na pia kwenye ukuta wa ndani wa kifuko, duara kamili, kana kwamba sarafu imejipiga muhuri.

"Nilifikiri ni unyevu," alisema. "Nikaweka chaki kwenye droo. Nikaweka mchele mkavu. Mende walifurahi, sarafu hazikufurahi. Mwezi uliopita zilikuwa nne. Leo nimehesabu mpaka nikaacha."

"Kwa nini umeacha?"

"Nimechoka, mwanangu."

Alisema kama mtu anayetaja uzito wake.

Kesho yake nilikuja na taa ya spiriti kutoka maabara, na kipande cha waya wa shaba kilichochomekwa kwenye kizibo ili kisiniunguze. Tulifungua mlango hewa ipite. Nikauweka waya kwenye moto mpaka ukawa mwekundu na mwali ukabaki bila rangi. Nikaugusisha kwenye kona ya ukurasa wa plastiki, ikayeyuka ikashika kidogo, nikaurudisha motoni. Mwali ukawa wa kijani, kijani kikali kama taa ya barabarani.

Shangazi alishusha miwani. "Rudia."

Nikarudia. Kijani tena.

"Inasemaje hiyo?"

"Inasema humu ndani kuna klorini. Hii ni PVC, shangazi, jamaa moja na mabomba ya maji. Yenyewe kwa asili ni ngumu. Ili iwe laini hivi wanaichanganya na mafuta. Sasa ikikaa kwenye joto miaka mingi, mafuta yanatoka, na plastiki yenyewe inaanza kutoa tindikali. Shaba haiwezi kuvumilia hiyo. Hata ya fedha ina shaba ndani yake, nayo inaliwa."

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mfuko unatoka jasho."

"Unatoka jasho, na jasho lenyewe linauma."

"Na mimi nimezivalisha makoti ya mvua, nikazifungia chini ya bati." Aliufunga ukurasa taratibu. "Haya. Nenda nyumbani. Una madaftari ya kusahihisha."

Sikusahihisha daftari hata moja. Nilikuwa nimewaka. Niliona picha nzima: ofisi inayonunua kitu cha ovyo, mkuu wa makumbusho asiyejali, mali ya wananchi inaozea kwenye droo, na mwanamke aliyechoka anaachiwa chaki zake tu. Niliandika barua kwa halmashauri ya mji, kurasa tatu. Nilitumia neno "uzembe" mara tano na "dharau" mara nne. Jumatano jioni, jua likiwa bado juu ya ukuta wa maktaba, nilisimama stoo nikamsomea.

Alikuwa anamenya chungwa. Hakunikatiza. Nilipofika mahali pa kudai mkuu awajibishwe, alisimama kwa ile safari yake ndefu ya mikono miwili mezani, akaenda ukutani, akatungua fremu iliyokuwa karibu na kalenda, akaifuta vumbi kwa kanga, akaniwekea juu ya barua yangu.

"Soma na hii, kwa sauti ile ile."

Kilikuwa cheti. Kimetolewa na makumbusho miaka kumi na tisa iliyopita, kwa mtunza stoo, kwa ubunifu katika uhifadhi wa sarafu.

"Ofisi haikununua kitu bila mimi," alisema. "Sarafu zilikuwa kwenye bahasha za karatasi. Kila akija mtu kuziona lazima uzimwage mkononi. Vidole vya watoto, jasho, mate, moja ikaanguka ikabingirika chini ya kabati siku mbili. Nikaenda dukani, nikaona kurasa hizi, za kuwekea picha ndogo ndogo. Laini, safi, unaona huku na huku. Paketi imeandikwa 'hudumu milele'. Nikamsumbua mkuu wa wakati ule mpaka akakubali. Huyu wa sasa alikuwa bado anasoma. Nilizihamisha mwenyewe, wiki sita. Nilikuwa nafurahi, nakwambia. Nilikuwa nakwenda nyumbani naimba."

Nilikunja barua mara mbili, kisha mara nne.

"Usiikunje hivyo," alisema. "Karatasi bado nzuri. Upande wa nyuma tutaandikia lebo."

Tukaanza kazi. Kila siku baada ya vipindi nilikwenda stoo, na mkuu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitia sahihi ombi la kununua vifuko vipya bila hata kuuliza sana. "Mama akisema kinahitajika, kinahitajika," alisema. Maneno hayo yalimwingia shangazi vibaya. Nilimwona anatazama sakafu.

Dawa ya kuondoa ule utando ni asetoni. Shangazi alikuja na chupa ya binti yake ya kufutia rangi ya kucha, nikaikataa, maana ile ina manukato na mafuta, ungekuwa unaondoa uchafu huu unapaka mwingine. Nikatafuta asetoni safi. Siku ya kwanza nikaimimina kwa fahari kwenye kikombe cheupe cha plastiki kilichokuwa mezani. Kikombe kikalegea, kikainama kama mtu anayesinzia kwenye hotuba, kikajimwaga chote juu ya blanketi. Shangazi alicheka mpaka funguo zikalia. Ndiyo mara ya pekee aliyocheka wiki zile.

"Shahada ya miaka mitatu," alisema akijifuta macho, "na imeshindwa na kikombe."

"Minne, shangazi."

"Lo. Minne."

Toka siku hiyo tulitumia bakuli za kioo. Yeye ndiye aliyeweka utaratibu, na sikubadilisha kitu. Sarafu inashikwa ukingoni, kamwe si usoni. Inalazwa kwenye asetoni, inatulia, inahamishiwa bakuli la pili lenye asetoni mpya. Haisuguliwi, kwa kitambaa wala kwa pamba wala kwa kidole. "Ukiisugua unamaliza kazi iliyoanzwa na mfuko," alisema. Inalazwa juu ya kitambaa cheupe, inakauka yenyewe. Taa yoyote ya moto marufuku, na mlango wazi. Alikuwa akilaza kumi, anapumzika, analaza kumi. Kati ya kumi na kumi alikuwa anafumba macho, na sikujua kama amelala au anafikiri.

Vifuko vipya vilipofika, paketi ilikuwa imeandikwa "salama kwa sarafu". Mimi nilikuwa tayari kuvitumia. Yeye akasema, "Ile nyingine iliandikwa milele," akaleta ndoo ya maji aone kama vitafanana na vya zamani. Alikata vipande: cha kifuko cha zamani kikazama, cha kifuko kipya kikaelea. Halafu akakata kona ya karatasi za poliesta zilizokuja pamoja navyo, zile ngumu zinazolia kama jani kavu ukizikunja, nazo zikazama. Akataka kuzitupa. Nikamweleza kwamba ndoo inasema nusu tu: plastiki ya polipropilini, kama ya vifuko hivi, inaelea, ya poliesta inazama, na zote mbili ni salama. Mwamuzi ni waya. Tukawasha taa uani, mbali na asetoni, tukapima kila paketi. Mwali haukugeuka kijani hata mara moja.

"Na hivi vya duara?" Alikuwa ameshika kikasha kigumu, angavu, cha kubana sarafu moja.

"Hivyo pia ni salama. Vigumu, havina mafuta ndani. Ila sarafu iwe imekauka kabisa."

Alikinusa. Alinusa kila kimoja kabla ya kukitumia, paketi nzima, kimoja kimoja. Nilimwambia haina haja. Akachukua kingine.

Kufikia wiki ya mwisho tulikuwa tumepitia zote. Sarafu nyingi zilitoka zimefifia kidogo tu. Kumi na moja hazikupona. Utando uliondoka, lakini chini yake sarafu yenyewe ilikuwa imeliwa, vishimo vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Katika hizo kumi na moja ilikuwemo ile ya tundu. Upande wenye tarakimu ulikuwa umekwisha. Ungesema ni kipande cha bati kilichotobolewa.

Shangazi aliiweka kwenye kikasha cha duara peke yake, akaisukuma pembeni ya meza.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya makabidhiano. Alhamisi alasiri mkuu alipita, akasimama mlangoni akikunja pua.

"Mama, mnapaka rangi?"

"Tunafuta, bosi."

"Sawa. Kesho saa tatu basi. Mtunza stoo mpya atakuwepo, mtasaini daftari, halafu tunywe chai. Na kile kibao kimekauka, nimekiona." Alitabasamu kwa aibu kidogo. "Kimetoka vizuri."

Kibao nilikuwa nimeshakiona chini ya ngazi, kimefungwa gazeti. Mchora mabango alikuwa ameandika kwa herufi za bluu: Chumba cha Sarafu cha Mama Funguo. Katika miaka thelathini na moja hicho ndicho kitu cha kwanza walichotaka kumpa ambacho hakikuwa kazi.

Mkuu alipoondoka, shangazi alifungua daftari la makabidhiano. Kuna safu ya jina la kitu, safu ya hali yake, na safu ya sababu kama hali imebadilika. Akaandika zile sarafu kumi na moja, moja moja, akafika kwenye safu ya sababu, kalamu ikasimama.

Hapa ndipo ninapaswa kusema ukweli juu yangu, mimi wa "uzembe" mara tano. Nilisogeza kiti nikamwambia, "Andika unyevu."

Aliniangalia juu ya miwani.

"Nusu ya vitu humu vimeharibiwa na unyevu," nikaendelea. "Mifuko tumeshaitoa, sarafu nyingine zimeokoka. Nani anaumia? Umebakiza siku moja, shangazi. Wakuwekee kibao chako uende ukapumzike."

"Angekuwa mkuu ndiye aliyezinunua, ungesema hivyo?"

Nilirudisha kiti nyuma.

"Sikugombezi," alisema. "Nimeuliza tu." Akavua miwani, akajikanda macho kwa vidole viwili, muda mrefu. "Uongo una kazi, mwanangu. Leo naandika unyevu. Kesho yule mama mpya wa stoo anauliza unyevu uliingia wapi, namtungia. Keshokutwa Fundi anavuka barabara, namtungia na yeye. Kila nikimwona sokoni nikumbuke nilimwambia nini. Nitaipata wapi nguvu hiyo? Mimi kupanda kitanda tu ni safari."

"Basi usiandike sababu. Acha wazi."

Akanyoosha kidole kwenye kabati la kati. Nilikuwa nimelitazama kila siku bila kuliona. Ndani ya mlango wake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, mwandiko wake mwenyewe wa zamani, mkubwa na wenye furaha: Sarafu ziwekwe kwenye mifuko laini tu. Zikiisha, inunuliwe aina hiyo hiyo.

"Nikiandika unyevu, ataongeza chaki," alisema. "Nikiacha wazi, atafuata karatasi ile. Ni mtu makini, nimemwona maktaba, anafuata kila kilichoandikwa. Atanunua ile ile. Na wewe utakuwa umehamishwa mji mwingine kwa barua zako."

Akainuka, mikono miwili mezani. Akaibandua ile karatasi kwa ncha ya ufunguo, polepole, ikatoka vipande. Kisha akarudi kukaa na kuandika. Aliandika muda mrefu, kwa ule mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika vizuri kwa kunakili lebo. Nilisoma begani kwake: Sarafu hizi kumi na moja zimeharibiwa na mifuko laini ya PVC. Mifuko niliichagua mimi, miaka kumi na tisa iliyopita, nikidhani ni mizuri. Isinunuliwe tena. Plastiki yoyote mpya ipimwe kwa waya wa shaba na moto kabla ya kuguswa na sarafu, hata kama paketi inasema ni salama.

Akaweka sahihi. Akafunga daftari.

"Mkuu utamwambia nini kuhusu kibao?" nikamwuliza.

"Atasoma kwanza. Akitaka kukipigilia, akipigilie. Akitaka kukitumia kuzibia dirisha, kadibodi ile imechoka." Alikuwa ameshika kikasha chenye sarafu ya tundu, anakigeuza kwenye mwanga. "Hilo si gumu. Gumu ni hili. Fundi hawezi kuja kulisikia kwenye chai, mbele za watu. Kesho nitamwahi kabla hajafungua duka."

Nilitaka kumsindikiza nyumbani, akakataa. Nilimsikia anapita uani, funguo zinagongana, zinasimama, zinagongana tena.

Asubuhi nilifika mapema, nimebeba furushi la mwisho la vifuko. Saa moja na nusu, mlango wa makumbusho ulikuwa bado umefungwa. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi, shangazi na Fundi Cherehani, kama watu wanaosubiri hospitali ifunguliwe. Tepu ilikuwa shingoni kwa Fundi. Kati yao, juu ya jiwe, kulikuwa na kikasha kitupu, kimefunguliwa. Sarafu ilikuwa kiganjani mwa Fundi. Nilisimama kwenye lango, sikutaka kuwakatiza.

"Ni mimi, Fundi," shangazi alikuwa anasema. "Si unyevu wala si umri wake. Ni ile mifuko yangu inayonuka. Uliniletea nzima."

Fundi aliigeuza sarafu, akaiinua karibu na jicho, akaishusha. Akapitisha ukucha wa kidole gumba mle kwenye tundu, akauzungusha pole pole, duara zima. Halafu akachomoa uzi kwenye pindo la mfuko wake wa shati, akaupitisha, akaiacha ining'inie. Ilizunguka kidogo, ikatulia, ikanyooka. Wote wawili waliitazama.

"Namba zimekwenda," alisema Fundi.

"Zimekwenda."

Akavuta uzi, akaurudisha mfukoni. Akasimama. Nilifikiri anaondoka na sarafu yake, na nikafikiri ana haki. Shangazi naye nadhani alifikiri hivyo, kwa maana alianza kufunga kile kikasha kitupu. Fundi akanyoosha mkono akakichukua. Alikitazama ndani na nje. Kisha akakileta puani akanusa, akakigeuza akanusa tena, macho amefumba, kama mtu anayekagua kitambaa ambacho muuzaji amekisifia sana.

"Hakinuki," alisema.

Akaiweka sarafu ndani, akabonyeza kifuniko mpaka kikalia, akampa shangazi, akavuka barabara kwenda kufungua duka.